Kabati la vitabu lisilopinda: namna ya kulichagua au kuliagiza kwa fundi Mwanza

Mtu akienda kutafuta kabati la vitabu, swali lake la kwanza huwa ni moja: "Huu ni mninga?" Muuzaji anajibu ni mninga, bei inapanda, na mazungumzo yanahamia kwenye rangi ya vanishi. Hakuna anayetoa futi kamba. Mwaka haujaisha, rafu zimeshabonyea katikati, kwa sababu kinachoamua uimara wa rafu kwanza ni upana wake kati ya ubavu mmoja na mwingine. Rafu ya sentimita 60 ya ubao wa kawaida wa kiwandani hukaa imenyooka kuliko rafu ya mita 1.2 ya mninga yenye unene unaokaribiana. Anza na kipimo hicho, mti utafuata.

Jua uzito wa karatasi zako

Karatasi ni nzito kuliko zinavyoonekana. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina kilo 2.5. Faili la boksi lililojaa lina kilo 2.5 hadi 3 na hula sentimita 7.5 hadi 8 za rafu, kwa hiyo mita moja ya rafu katika ofisi ya mhasibu au wakili hubeba mafaili 12 au 13, yaani kilo 35 hivi. Vitabu vya nyumbani, riwaya na vya kiada, huwa kilo 20 hadi 25 kwa mita. Juzuu nene za sheria au za tiba hufika 40. Ukitaka namba yako mwenyewe, panga vitabu sakafuni kwa urefu wa sentimita 50, vitie kwenye mfuko, vipime kwenye mizani, kisha zidisha kwa mbili.

Kabati la rafu tano zenye upana wa sentimita 80 lina mita nne za rafu. Likijaa mafaili ni kilo 140, karibu mifuko mitatu ya saruji, bado hujahesabu kabati lenyewe.

Pima pia ukubwa. Faili la boksi lina kimo cha sentimita 32 na kina cha 28 au 29, kwa hiyo linahitaji rafu yenye kina cha 30 na nafasi ya 35 kwenda juu. Vitabu vya kawaida vinatosheka na kina cha 22 hadi 25. Usikubali kina cha sentimita 40 eti "kwa ajili ya baadaye". Hiyo baadaye ni safu ya pili ya vitabu itakayosimama mbele ya ya kwanza, na rafu iliyopimwa kwa kilo 25 itabeba 50.

Upana wa wazi

Upana wa wazi ni nafasi kati ya ubavu na ubavu, kwa ndani. Ukiuongeza mara mbili, na kila mita ikibeba uzito ule ule, rafu inabonyea mara 16 zaidi. Unene nao una nguvu yake: ukitoka milimita 18 kwenda 25, kubonyea kunashuka hadi zaidi kidogo ya theluthi.

Chukua chipbodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa) ya milimita 18, kina sentimita 30, upana wa wazi 80, iliyojaa mafaili. Siku ya kwanza itabonyea kama milimita 5. Chipbodi ikikaa na mzigo huendelea kulegea taratibu, na baada ya muda kiasi hicho huweza kufika maradufu. Jicho la mtu huanza kuona kasoro kwenye milimita 2. Rafu ile ile ikikatwa kwa sentimita 60, inabonyea chini ya milimita 2.

Kwa mzigo wa mafaili, kaa ndani ya mipaka hii: chipbodi au MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 18, upana wa sentimita 60; ya milimita 25, sentimita 75; plaiwudi nzuri ya milimita 18, sentimita 80; mbao halisi iliyobaki na milimita 20 baada ya randa, sentimita 85 kwa paini na 90 kwa mninga. Kwa riwaya na daftari unaweza kuongeza sentimita kumi hivi bila wasiwasi.

Kwa nini basi makabati mengi yana upana wa futi 4? Sababu iko kwenye karatasi ya ubao. Inauzwa kwa futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122, na fundi akiikata kwa mapana anapata rafu nane za sentimita 30 kwa 122 bila mabaki. Hesabu hiyo inamfaa yeye. Mwambie aikate kwa marefu: vipande vinne vya sentimita 30 kwa 244, kila kimoja kinatoa rafu tatu za sentimita 80. Zinatoka rafu kumi na mbili, na mabaki ni madogo vilevile.

Kama umeshapenda kabati pana, dai moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni ubavu wa katikati unaosimama kutoka chini hadi juu, sio kigingi kilichowekwa rafu moja tu. La pili ni ukanda wa mbao wa milimita 20 kwa 40, uliosimamishwa kwa ubavu wake na kugandishwa kwa gundi na skrubu chini ya ukingo wa mbele wa rafu. Kwenye chipbodi ya milimita 18, ukanda huo peke yake unaongeza ugumu zaidi ya mara tatu, na kwa mbele unaifanya rafu ionekane nene. Ni dawa ya bei ndogo kuliko zote katika kazi hii na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Ubao gani

Chipbodi yenye ngozi ya melamini si mbaya kwa rafu fupi. Adui yake ni maji. Nyumba zetu zinadekiwa kwa maji mengi, na kabati lililokaa moja kwa moja kwenye marumaru hunyonya maji ya deki kupitia ukingo wa chini ambao kiwanda hakikuufunga. Ukingo unafura, ngozi inabanduka, skrubu zinakosa pa kushika, na ubao ukishafura haurudi. Usinunue kabati la chipbodi lisilo na miguu ya chuma au plastiki inayoliinua walau sentimita 5. MDF ni laini na hupendeza ikipigwa rangi, lakini kwa maji tabia ni ile ile.

Plaiwudi ya milimita 18 ndiyo tunayoipendekeza kwa ofisi nyingi. Tazama ukingo wake: tabaka zifuatane bila mashimo meusi katikati. Mashimo ni pengo, na skrubu ikiangukia hapo haishiki kitu.

Kwa mbao halisi, paini ndiyo rahisi kupatikana. Inatoka Sao Hill mkoani Iringa, na hapa kwenye ziwa yapo mashamba ya miti ya Rubya kisiwani Ukerewe na Buhindi wilayani Sengerema. Paini isiyotiwa dawa ni chakula cha mchwa, hivyo uliza iliyotiwa. Mninga wa misitu ya miombo, kama ya Tabora na Katavi, unastahimili mchwa, ila kiini chake tu; sehemu nyeupe ya pembeni inaliwa kama mti mwingine wowote. Fundi akikuambia ni mninga, inama utazame chini ya rafu, mahali ambapo vanishi haikufika. Paini iliyopakwa rangi itajionyesha kwa weupe wake, mistari iliyopishana myepesi na myeusi, na vifundo. Mninga ni wa kahawia inayoelekea wekundu, na kipande chake ni kizito zaidi mkononi.

Kubwa kuliko jina la mti ni ukavu. Mbao mbichi ikifungwa kuwa kabati itaendelea kukauka sebuleni kwako: rafu inajikunja kama mtumbwi, viungo vinaachia, na nyufa zinatokea kwenye ncha. Kipimo kisichohitaji kifaa ni hiki: omba kipande kidogo cha mbao ile ile, kipime kwenye mizani ya jikoni, kiache ndani ya nyumba wiki moja mahali pakavu, kipime tena. Kama gramu 500 zimekuwa 450, mbao hiyo haijawa tayari. Ikipungua gramu tano au kumi tu, iko sawa. Fundi mwenye haraka atakwambia jua la Mwanza linakausha kwa siku tatu. Linakausha ngozi ya juu. Mbao ya inchi moja inahitaji kupangwa kivulini, na vijiti kati ya safu na safu ili upepo upite, kwa miezi miwili au mitatu.

Mgongo na viungo

Rafu zikiwa nzuri, kabati bado linaweza kuangukia ubavu. Kinachozuia lisiyumbe kushoto na kulia ni mgongo. Karatasi ya hadibodi ya milimita 3 iliyopigwa misumari midogo hutosha kuzuia vumbi, lakini misumari hiyo hung'oka kidogo kidogo kila kabati linaposogezwa. Taka plaiwudi ya milimita 6, iliyofungwa kwa skrubu kila sentimita 15 kuzunguka kingo zote na kwenye rafu isiyosogea.

Rafu zote zikiwa za kusogeza juu na chini, mbavu ndefu hutanuka katikati na vigingi hudondoka. Kwa hiyo walau rafu ya chini, ya katikati na kipaa cha juu ziwe zimefungwa kabisa: zimeingia kwenye mfereji wa milimita 6 uliochongwa ndani ya ubavu, zikatiwa gundi na skrubu. Vigingi vya kushikilia rafu zilizobaki viwe vya chuma. Vya plastiki vinakatika, na kwenye chipbodi tundu la kigingi hupanuka lisipowekewa kikombe cha chuma.

Makabati ya kuunganisha mwenyewe yanayofungwa kwa vile vidubwasha vya kuzungusha nusu duara yana tatizo moja la wazi: yanafungwa vizuri mara ya kwanza, wastani mara ya pili, na mara ya tatu chipbodi imeshakuwa unga. Kama unahama kila mkataba wa pango unapoisha, usiyachukue.

Ukiwa dukani, fanya hivi kabla ya kuuliza bei. Simama upande, shika kona ya juu, usukume kwa mkono mmoja. Kabati likienda na kurudi zaidi ya sentimita moja, mgongo ni wa mapambo. Pima mishazari miwili, kona ya juu kushoto hadi chini kulia na kinyume chake. Ikitofautiana zaidi ya milimita 3, limekaa upande na milango yake haitafunga sawa. Bonyeza katikati ya rafu kwa uzito wa mikono yote miwili ukitazama ncha zake, si katikati. Ncha zikiinuka au kutoa mlio, kiungo hakina gundi.

Chuma

Kwa mafaili mengi kuliko uzuri, chuma ni jibu zuri. Kinachoangaliwa ni unene wa bati. Rafu ya bati la milimita 0.5 hukunjika kwa kidole kwenye ukingo, tafuta 0.7 au 0.8, ukingo ukiwa umekunjwa mara mbili. Wachomeleaji wa mtaani nao wanatengeneza fremu ya paipu za mraba za inchi moja, unene wa milimita 1.2 au zaidi, unayoiwekea rafu za plaiwudi. Muundo huo haushindwi kirahisi. Hakikisha sehemu zilizochomelewa zimesuguliwa na kupigwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mwisho, maana karibu na ziwa unyevu hautoki hewani, na kutu huanzia kwenye weldi. Chuma hakimzuii mchwa asifikie vitabu. Hakili, lakini anajenga njia yake ya udongo juu yake na kupanda mpaka kwenye karatasi.

Nyumba za mlimani

Mabatini, Igogo, Isamilo na miinuko mingine ya jiji hili la miamba, nyumba nyingi zimechimbiwa kwenye mteremko, ukuta wa nyuma ukiegemea udongo au jiwe. Ukuta huo hutoa jasho wakati wa mvua za Machi hadi Mei. Usiuegemeze vitabu. Weka kabati kwenye ukuta wa kugawa vyumba, na kama huna mwingine, acha sentimita 5 nyuma ili hewa ipite na uweze kumulika tochi kutafuta njia za mchwa. Maboksi ya karatasi yasikae sakafuni nyuma yake.

Kabla ya kulipa, pima njia pia. Kabati la mninga la mita 2 kwa sentimita 90 lina kilo 45 hadi 50 tupu, na ngazi za mawe zenye kona mbili haziruhusu kitu cha mita 2 kugeuka. Kwa nyumba kama hizo, au mzigo unaopanda meli kwenda Nansio kisiwani Ukerewe, agiza kabati la vipande viwili, cha chini na cha juu, vinavyoungwa kwa bolti nne za milimita 8. Vipande viwili vifupi pia vinabebwa na watu wawili bila kugombana.

Kufunga ukutani si hiari kwa kabati lolote linalozidi kimo cha mita 1.2. Mtoto akipanda rafu ya tatu ili afikie kitu cha juu, uzito wote unahamia mbele. Tena, kanda hii hutikisika: tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera na kuua watu Bukoba.

Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Ndani ya kabati, chini ya kipaa cha juu na upande wa nyuma, kuwe na ubao wa inchi 1 kwa 3. Toboa ukutani kwa biti ya milimita 8, sehemu mbili, karibu na mbavu. Lipu ina unene wa sentimita 1.5 hadi 2 na haishiki chochote, kwa hiyo tundu liingie sentimita 7 na fisha, kile kipande cha plastiki kinachoshika skrubu, isukumwe mpaka ipite lipu na kukaa ndani ya tofali. Skrubu iwe ya milimita 5 kwa 80. Kama umeacha nafasi nyuma, tumia bano la chuma la umbo la L, refu la kufika ukutani. Kwenye tofali za kuchoma, zima mtindo wa kugonga wa drili, vinginevyo tofali linapasuka. Toboa katikati ya tofali, usitoboe kwenye kiungo cha udongo. Ukuta wa tofali mbichi hautashika kabati la mita 2 lililojaa. Hapo nunua mawili ya kimo cha mita moja uyapange kando kwa kando.

Maneno ya kumpa fundi

Maagizo ya mdomo hupotea fundi anapompa kijana wake kazi. Andika, tuma kwenye simu yake. Mfano huu unafaa mafaili na vitabu kwa pamoja:

"Habari za kazi, fundi. Naomba kabati la vitabu, kimo sentimita 190, upana wa nje 85, kina 30. Mbao paini kavu iliyotiwa dawa, ikishapigwa randa isipungue milimita 20. Mbao pana ikikosekana, unga mbili kwa gundi na uzibane usiku mzima. Chini inuka sentimita 10. Rafu tano pamoja na ya chini, na kipaa. Nafasi mbili za chini ziwe 35 kila moja, tatu za juu zigawane sawa. Rafu ya chini, ya tatu na kipaa ziingie kwenye mfereji wa milimita 6, gundi na skrubu. Nyingine vigingi vya chuma. Mgongo plaiwudi milimita 6, skrubu kila sentimita 15. Ubao wa inchi 1 kwa 3 chini ya kipaa, nyuma, wa kufungia ukutani. Nitakuja kuliona kabla ya vanishi."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa. Kabla ya vanishi unaona puti iliyoziba nyufa, kifundo kilichoanguka, na mfereji uliochongwa vibaya ukajazwa vumbi la mbao na gundi. Baada ya vanishi vyote vinang'aa. Malipo ya mwisho yasubiri siku hiyo ipite. Mwambie pia vanishi ipakwe pande zote, hata chini ya rafu na nyuma ya mbavu: ubao uliofungwa upande mmoja hunyonya unyevu upande mwingine na kujikunja.

Kuliweka na kulipakia

Weka pima maji juu ya rafu ya chini, kwa mapana na kwa kina. Sakafu isiyo sawa irekebishwe kwa vipande vya plastiki ngumu au mpira, kamwe si karatasi iliyokunjwa, ambayo italowana siku ya kudeki na kabati litainama tena. Likielekea mbele hata kidogo, ongeza kipande mbele.

Subiri harufu ya vanishi iishe, wiki moja au mbili, kwa sababu majalada hunata kwenye vanishi changa na rangi ya mafuta, na kuyabandua ni kuyachana. Vizito viende chini. Kwenye rafu ndefu, vitabu vizito vikae kwenye ncha karibu na mbavu, vyepesi katikati. Kama taa yako inawaka usiku na dirisha linatazama ziwa, vile vidudu vinavyofuata mwanga vitakufa kwa mamia juu ya vitabu. Milango ya kioo inasaidia, mradi uifungue mara kwa mara hewa ibadilike.

Mwezi mmoja baada ya kupakia, kaza skrubu zote za mgongo. Kisha vuta uzi kutoka ncha hadi ncha chini ya kila rafu, upime pengo la katikati. Milimita 2 ni sawa. Zikifika 4, toa vitabu, igeuze rafu juu chini, na uigandishie ule ukanda wa milimita 20 kwa 40 wakati bado inanyooka. Chipbodi iliyokaa imepinda mwaka mzima haitakubali.